Kusafirisha mzigo kwa lori kati ya Dodoma na Dar es Salaam: mwongozo kamili kwa mwenye mzigo

Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 450 za lami. Lori zima, lenye dereva aliyelala vizuri, huzimaliza kwa saa kumi hadi kumi na mbili. Pesa ya mfanyabiashara haipotei hapo katikati. Inapotea kwenye ncha mbili za safari. Gari linashinda Kizota, hapa Dodoma, likisubiri magunia ambayo bado yanashonwa, halafu likifika Dar linalala siku mbili nje ya ghala kwa sababu uchochoro wa kuingilia unapitisha kenta, lori dogo, na wewe umeleta semi, lori refu la kichwa na tela. Barabarani mambo yalikwenda sawa, lakini faida imekwisha.

Mwongozo huu ni wa mtu asiye na lori lake: mkulima wa alizeti wa Kongwa, mama anayekusanya karanga vijijini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Nzuguni anayefuata bati na marumaru Dar. Mwenye lori anazijua hesabu zake. Mwenye mzigo mara nyingi huachiwa kukisia, na akikosea anayeumia ni yeye.

Anza na mahali mzigo utakaposhukia

Kabla ya kumpigia dalali yeyote, mpigie mpokeaji. Muulize mambo haya na uandike majibu. Gari la urefu gani linaingia hadi mlangoni? Kuna nafasi ya kugeuzia? Ghala linafunguliwa saa ngapi na kufungwa saa ngapi? Nani analipa wapakuaji? Nani atasaini kupokea? Akijibu "wewe leta tu, tutaonana", mzigo huo usiutoe bado.

Hili lina uzito wa pekee kwa Dar. Mzigo wa Kariakoo haushushwi Kariakoo kwa semi, hata dalali akuapie. Mitaa ile imejaa maduka, bajaji, mikokoteni na watu. Utaratibu wa kawaida ni kushushia kwenye yadi au ghala la nje, kisha kenta au maguta yamalizie kidogo kidogo. Hiyo ni gharama ya pili, pamoja na vibarua wa pili, na lazima iwe kwenye hesabu yako tangu mwanzo. Kwa mzigo wa nafaka, maghala yaliyo karibu na Barabara ya Mandela, Buguruni, Tabata na Temeke ni rahisi zaidi, kwa kuwa lori linatoka Ubungo na kuingia Mandela bila kugusa katikati ya jiji. Barabara ya juu ya Ubungo na ile ya Tazara zimepunguza kusubiri kwenye makutano hayo mawili, lakini hazijaondoa foleni ya malori yanayokwenda na kutoka bandarini. Mandela ndiyo njia yao, na wewe unaingia katikati yao.

Kwa upande wa Dodoma mambo ni mepesi zaidi, ingawa si kama zamani. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, na Dodoma ikatangazwa kuwa jiji mwaka 2018, magari na ujenzi vimeongezeka kuliko mitaa ya katikati inavyoweza kubeba. Semi kuingia karibu na Soko la Majengo ni kutafuta ugomvi. Shushia au pakia pembezoni: Kizota, Nala, Nzuguni, Ihumwa. Barabara ya mzunguko wa nje, ya kilomita 112.3, imekusudiwa kuyaondoa mjini malori ya kupita, na ghala lililo karibu nayo lina thamani kuliko lililo mjini lenye kodi sawa.

Jua uzito wako kwa kilo

Mwenye mzigo akisema "nina gunia 300", bado hajasema kitu. Gunia la mahindi la kilo 100 na gunia la alizeti lililojaa vilevile ni mizigo miwili tofauti, maana alizeti ni nyepesi sana kwa ukubwa ule ule. Gunia 300 za mahindi ni tani 30, yaani semi imejaa kwa uzito. Alizeti itajaza tela hadi juu kabla uzito haujafika popote. Mashudu nayo ni mepesi. Kwa upande wa mizigo inayotoka Dar, mifuko 600 ya saruji ya kilo 50 ni tani 30, na ukiitazama kwenye tela utaona nafasi kubwa imebaki wazi. Nafasi hiyo ndiyo inayowatia watu tamaa ya kuongeza nondo.

Pima sampuli. Chukua magunia kumi bila kuchagua, yapime, tafuta wastani, zidisha. Na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, achana nayo kabisa. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao lizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hukamata. Zaidi ya sheria, lumbesa inaharibu hesabu yote ya gari, inawaumiza migongo vijana wanaobeba, na ikifika Dar inapasuka.

Sasa mizani. Tanzania inatumia Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, iliyoanza kusimamiwa hapa nchini mwaka 2019. Kikomo cha juu kabisa ni tani 56, gari na mzigo wake pamoja, na hicho ni kwa gari la ekseli saba (ekseli ni mhimili mmoja wa magurudumu). Lakini watu wengi hukariri hiyo 56 na kusahau kwamba kila ekseli ina kikomo chake:

- ekseli ya mbele yenye tairi mbili: tani 8
- ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne: tani 10
- ekseli mbili zilizofuatana zenye tairi pacha: tani 18
- ekseli tatu zilizofuatana zenye tairi pacha: tani 24

Hesabu mwenyewe. Fuso ya ekseli mbili ni 8 na 10, jumla tani 18. Ukitoa uzito wa gari lenyewe unabaki na mzigo wa kama tani kumi. Semi ya kawaida ya ekseli sita ni 8, 18 na 24, jumla tani 50. Gari tupu na tela lake huwa na tani 16 hadi 18, au zaidi kidogo kama ni zito, kwa hiyo mzigo halali ni kama tani 32 hadi 34, au pungufu kidogo kwa gari zito. Anayekuahidi kubebea tani 36 kwenye semi hiyo anakupeleka kwenye tozo ya kuzidisha uzito ambayo mwishowe atakutaka uchangie.

Na unaweza kuwa ndani ya tani 50 bado ukakamatwa. Kama vijana wamepakia magunia mengi nyuma kwa sababu mlango uko huko, ekseli tatu za tela zitasoma 26 huku za kichwa zikisoma 15. Jumla iko sawa, ekseli imezidi. Mizani itakuandikia, na utatakiwa kupanga upya mzigo palepale juani, kwa vibarua wa bei wanayotaka wao. Kila gari lenye uzito unaozidi tani 3.5 lazima lipite mizani, hata likiwa tupu, kwa hiyo usikubali mpango wowote wa "tutazunguka". Tozo ikitokea, hulipwa kwa namba ya udhibiti (control number), na risiti ibaki kwako. Pesa ya mkononi si tozo.

Chagua gari linaloendana na mzigo

Chini ya tani moja, usitafute lori. Tumia mabasi kwa vifurushi, au ofisi za mizigo zinazochanganya mizigo ya watu wengi. Tani moja hadi nne ni kenta. Tani tano hadi kumi ni Fuso. Tani kumi hadi ishirini ndipo penye mtego: hazijazi semi, na zinaizidi Fuso. Hapo una njia tatu: Fuso mbili, gari la ekseli tatu (8 na 18, jumla tani 26, mzigo wa kama tani 15), au kuchangia semi na mwenzako. Kwa maoni yangu kuchangia na mtu unayemjua, anayeshushia upande ule ule wa jiji, ndiyo njia bora. Kuchangia na mtu usiyemjua, ambaye mzigo wake unashuka Mbagala wakati wako unashuka Tabata, kunamaliza siku yako nzima, na mzigo uliopakiwa chini utalazimika kusubiri wa juu ushuke.

Kagua tela kabla ya gunia la kwanza kupanda. Panda juu mwenyewe au mtume kijana makini. Nusa sakafu. Kama kuna harufu ya dizeli, mbolea au dawa, usipakie chakula. Harufu hiyo huingia kwenye karanga na mchele, na mnunuzi wa Dar ataikuta kabla hajafungua gunia la pili. Tazama misumari na mabati yaliyochomoza. Tandaza turubai ndani, litazame dhidi ya jua: ukiona nyota za mwanga, hayo ndiyo matundu yatakayoingiza mvua. Angalia tairi za tela, maana wenye magari hutunza za kichwa na kuzisahau hizo. Muombe dereva aonyeshe tairi la akiba.

Bei, dalali na mzigo wa kurudi

Bei ya Dodoma kwenda Dar na bei ya Dar kuja Dodoma si moja. Jiji hili linajengwa. Saruji, nondo, bati, marumaru, mafuta na bidhaa za Kariakoo vinakuja kwa wingi, na magari mengi hayapati mzigo kamili wa kurudi. Juu ya hayo, malori yaliyopeleka shehena Mwanza na nchi jirani hupita hapa yakirudi bandarini, mengine yakiwa matupu. Kwa hiyo mzigo wa kwenda Dar una nafasi nzuri ya kujadiliana, isipokuwa wakati wa mavuno, kuanzia kama Mei hadi Agosti, ambapo mahindi ya Kibaigwa na alizeti ya kanda nzima hugombea magari yale yale. Jambo moja la kuzingatia: lori lenye namba za nje ya nchi haliruhusiwi kubeba mzigo wa ndani kutoka mji mmoja wa Tanzania hadi mwingine. Bei yake inaweza kuwa nzuri, lakini likikamatwa na mzigo wako, mzigo unakaa.

Ili ujue kama bei unayotajiwa ina akili, anza na mafuta. Semi iliyobeba hutembea kama kilomita 2 hadi 2.5 kwa lita, kwa hiyo safari ya upande mmoja inakula takriban lita 180 hadi 225. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Zidisha. Ongeza posho ya dereva na utingo, maegesho, uchakavu wa tairi, na faida ya mwenye gari. Ukitajiwa bei iliyo chini ya mafuta peke yake, jiulize gari hilo linategemea kufidia wapi hasara hiyo. Mara nyingi jibu ni magunia yako. Na kama safari yako inaangukia siku ya kubadilika kwa bei, kubalianeni kabla ya kupakia kwamba bei haitabadilika njiani.

Dalali ana kazi yake halali. Anajua gari lipi limeshusha wapi na linataka kurudi lini. Mlipe, lakini usimuachie mambo mawili: kuzungumza na mwenye gari, na kushika pesa yote. Omba namba ya mwenye gari, mpigie, taja namba za usajili, msikilize kama anaijua safari. Dalali mwaminifu hatachukia. Mwambie tu kwa heshima: "Kaka, wewe haki yako ipo, ila mimi naomba nimsalimie tajiri wa gari kabla hatujapakia."

Malipo yagawanye: sehemu ya kuanzia baada ya mzigo kupanda na kuhesabiwa, inayobaki baada ya kushuka na kusainiwa. Gari lisiloweza hata kuweka mafuta bila kulipwa yote mapema ni gari ambalo pancha moja litalilaza njiani. Na andikeni, hata kwenye ukurasa wa daftari: tarehe, namba ya kichwa na ya tela, jina la dereva, idadi na aina ya mzigo, mahali pa kushushia, bei, saa ngapi za kusubiri bure, na baada ya hapo kusubiri kunalipwa shilingi ngapi kwa siku. Kipengele cha kusubiri ndicho kinacholeta ugomvi mwingi, na ndicho kinachosahaulika karibu kila mara.

Karatasi

Upande wa gari, hakikisha leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iko hai, bima ipo, na leseni ya dereva inamruhusu kuendesha gari la aina hiyo. Stika ya bima unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, na madeni ya faini za barabarani huonekana kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari. Gari lenye faini nyingi zisizolipwa ni gari la kuzuiliwa wakati wowote.

Upande wa mzigo, bidhaa za dukani ziwe na risiti za EFD zinazolingana na kilichomo ndani, maana TRA husimamisha magari. Mazao yawe na risiti ya mashine ya ushuru kutoka halmashauri yanakotoka. Kama umekusanya kutoka Kongwa na Mpwapwa, usichanganye risiti zake, kila moja iambatane na fungu lake. Mifugo inataka kibali cha mifugo. Mbao na mkaa vinataka hati ya TFS, wakala wa huduma za misitu. Usimruhusu dereva kuongeza gunia la mkaa juu ya mzigo wako kama hisani, kwa sababu gunia moja lisilo na hati linasimamisha tani thelathini zenye hati.

Piga picha kila karatasi. Nakala moja kwa dereva, moja kwako, moja kwa mpokeaji.

Halafu bima ya mzigo wenyewe. Bima ya gari ya mtu wa tatu hailipi magunia yako yakiungua au yakipinduka. Watu wengi hugundua hivyo wakiwa wamesimama kando ya barabara. Ipo bima ya mzigo ulio safarini, inaweza kukatwa kwa safari moja, na kwa mzigo wa thamani kama mafuta ya alizeti, mvinyo, vifaa vya umeme au vigae, nasema bila kusita: ikate.

Kupakia

Mzigo wote uwe umeshonwa, umehesabiwa na umepangwa kabla ya gari kufika. Kama utaanza kushona gari likiwa limesimama, tayari unakula saa zako za bure.

Weka karani wa kuhesabu asiye na kazi nyingine. Asibebe, asipokee simu, asigombane na vibarua. Dereva au utingo naye ahesabu kwa upande wake, na kila magunia hamsini walinganishe. Wakitofautiana kwenye hamsini ya tatu, wanarudia hamsini hiyo tu. Wakitofautiana mwisho kabisa, ni kushusha tela zima au kubishana.

Vizito viwe chini na vianzie mbele, uzito ugawanyike kati ya ekseli za kichwa na za tela. Marumaru na vioo visimame wima vikiwa vimebanwa, visilale. Nondo zifungwe kwa mnyororo sehemu zaidi ya moja, kwa sababu breki moja ya ghafla huzifanya nondo zilizolegea zitembee mbele hadi kwenye kichwa cha gari, alipo dereva. Hapa sitaki mzaha wala haraka. Watu wamekufa hivyo.

Nafaka ziwe kavu kweli. Kiwango cha mahindi katika Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Hewa ya Dodoma ni kavu na inadanganya: gunia linaloonekana salama hapa, likikaa wiki moja kwenye ghala la Dar lenye joto na unyevu wa bahari, linaanza kuchemka ndani. Kama huna kipimo, mtafute mwenye nacho.

Zabibu ni habari nyingine. Huvunwa mara mbili kwa mwaka, na tunda la mezani la Hombolo au Mpunguzi halisubiri. Livunwe asubuhi na mapema, likae kivulini lipoe, lipangwe kwenye kreti zenye matundu, si kwenye viroba, kreti zisirundikwe hadi za chini zibonyee. Gari liondoke jioni lipite usiku kwenye ubaridi, na turubai lifunike juu tu huku ubavuni hewa ikipita. Kwa zabibu gari dogo linaloondoka leo ni bora kuliko kubwa la bei nafuu linaloondoka kesho. Vitunguu na nyanya vinahitaji hewa hivyo hivyo.

Saa ya kuondoka

Foleni ya Dar ina ratiba. Kuingia jijini asubuhi kati ya saa 12 na saa 3 ni mateso, na kutoka jioni kati ya saa 10 na saa 2 usiku ni vilevile. Upanuzi wa barabara ya Kimara hadi Kibaha umesaidia sana kipande hicho, lakini magari yakishafika Ubungo yanabanana tena.

Ratiba ninayoipenda kwa mzigo usioharibika ni hii. Gari limalize kupakia jioni, dereva alale Dodoma, aondoke saa 11 alfajiri. Jioni awe Chalinze au Mlandizi, ale, alale. Saa 9 usiku aamke aingie jijini, apite Ubungo barabara ikiwa nyeupe, na alfajiri awe amesimama mbele ya ghala akisubiri lifunguliwe. Mwendo wa usiku ni mfupi, na dereva amepumzika. Safari ya usiku mzima inavutia kwa sababu inaokoa siku moja, lakini bila dereva wa pili siipendekezi.

Epuka Ijumaa mchana, mwisho wa mwezi, siku za kuelekea sikukuu, na siku za Nanenane hapa Nzuguni mwanzoni mwa Agosti. Wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, barabara hii ina mabasi, magari ya serikali na misafara mingi kuliko kawaida.

Njiani

Lori kubwa linaruhusiwa kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi. Makazi ni mengi. Kutoka Dodoma utapita Buigiri, Chamwino na Mbande hadi Kibaigwa, ambako soko la mahindi hujaza malori pande zote za barabara. Baada ya Gairo kuna mteremko kuelekea Magubike, na hapo dereva ashuke kwa gia, asitegemee breki peke yake. Kisha Dumila, Dakawa, halafu Msamvu mjini Morogoro. Msamvu ndipo malori ya Zambia na Congo, yanayotoka upande wa Iringa, yanapoungana na yenu. Chalinze yanaongezeka ya kutoka Tanga na kaskazini. Ndiyo maana kilomita mia moja za mwisho huchukua muda kuliko hesabu inavyoonyesha: barabara moja inabeba njia tatu. Na katikati yake, Vigwaza, kuna mizani.

Kumfuatilia dereva, usimuulize "umefika wapi?" Atakujibu "nakaribia". Muulize kwa vituo: "Kaka, Gairo umeshapita? Msamvu umepita saa ngapi?" Mpe nafasi asimame kwanza, usimlazimishe kuongea huku anaendesha. Simu nne kwa safari nzima zinatosha: Gairo, Msamvu, Chalinze, na akishapita Vigwaza. Akishapita Vigwaza, mpigie mpokeaji aandae vibarua.

Wakati wa mvua uliza hali ya barabara kabla ya kupakia. Dodoma ina msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na Pwani ina vuli na masika, kwa hiyo unaweza kuondoka kwenye jua na kukuta mafuriko. Januari 2014 mafuriko ya Dumila yalikata barabara hii, na Machi 2020 ilikatika tena pale Kiyegeya. Njia mbadala ni kupitia Mtera hadi Iringa, kisha kushuka Mikumi hadi Morogoro. Ni lami, lakini ni mbali zaidi, na nauli haiwezi kubaki ile ile. Jadilianeni mapema nani atabeba ongezeko hilo. Ndani ya Dar, bonde la Jangwani hufungwa mvua ikizidi, sababu nyingine ya kuchagua ghala la upande wa Mandela.

Kupokea

Kama mzigo ni wa thamani, uwepo wewe mwenyewe. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024, hili limekuwa rahisi mno: unaliaga lori alfajiri, unamaliza shughuli zako za siku, unapanda treni, na baada ya kama saa nne uko Dar kabla dereva hajaamka Mlandizi.

Kabla turubai halijafunguliwa, litazame. Kamba zimefungwa vilevile? Kuna mahali pamekatwa? Piga picha. Hesabu kwa mtindo ule ule wa hamsini hamsini, karani wako na dereva. Pima tena magunia kumi. Idadi ikiwa sawa na uzito umepungua, gunia zimechomwa bomba la kuchotea nafaka njiani, tafuta matundu madogo ubavuni. Kilicholowa, kilichopasuka au kupungua kiandikwe kwenye hati ya kupokelea hapo hapo, kwa idadi, na dereva asaini chini ya maandishi hayo. Ukisaini "nimepokea vyema" kwanza na kulalamika jioni, huna kesi kwa mwenye gari wala kwa bima.

Upungufu mdogo ukatwe kwenye nauli iliyobaki kwa bei mliyoandika. Upungufu mkubwa, au mzigo ulioharibika wenye bima, usishushe vyote kwa haraka. Mpigie mwenye gari, kisha kampuni ya bima, na uache mzigo ulioharibika uonekane mpaka mtu wao afike au akuruhusu kwa maandishi. Kama kuna dalili za wizi, nenda kituo cha polisi kilicho karibu na ghala siku hiyo hiyo ukiwa na ile karatasi ya daftari, picha za kupakia na picha za turubai.

Ukishamaliza, mlipe dereva salio lake bila kumzungusha, na muulize anarudi lini Dodoma. Kama una bati au marumaru za kurudisha, huyu ndiye wa kwanza kuzungumza naye, maana analijua geti lako la Nzuguni na anajua saa ya kufika.